Mishono Kumi na Mmoja

Kibuyu cha maziwa cha bibi yangu kina mishono kumi na mmoja. Nimeihesabu mara tatu, mara ya mwisho usiku kwa tochi ya simu, siku ambayo ukoo ulikaa kuamua kiende wapi. Bibi alikuwa na mwezi mmoja na nusu kaburini. Ng'ombe walikuwa wameshagawanywa bila maneno mengi, shamba la pamba lilikuwa na mwenyewe tangu yeye akiwa hai, na sufuria zake wakamwana walishazichukua. Kilichobaki bila mwenyewe ni kibuyu.

Mjomba, ambaye ndiye mkubwa wa kaya sasa, alisema kipelekwe Bujora, kwenye Makumbusho ya Wasukuma. "Kule kitakaa," alisema. "Hapa kitaliwa na mchwa, au mtoto atakikalia." Mama alijibu kwamba kibuyu ni cha maziwa, hakijawahi kuwa kitu cha kutazamwa. Wakabishana kwa adabu ya ndugu waliovuka miaka sitini, kila mmoja akimwita mwenzake kwa jina la mtoto wake wa kwanza, sauti zikipungua badala ya kupanda, na kwetu hiyo ni dalili mbaya. Mwishowe mjomba akanigeukia.

"Wewe si ndiye unayehakiki vitabu vya watu? Nenda Bujora ukapahakiki. Uje utuambie kama panafaa."

Nimeandika uhakiki kwa miaka kadhaa sasa na sijawahi kupewa kazi ngumu kama hiyo. Wasomaji wake walikuwa tisa, wote nawajua kwa majina, na wote wangejua siku hiyohiyo kama nimeandika uongo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kujiandaa kwa kusoma. Nilifungua zile insha za safari ambazo wengi wetu tumezisoma mno, za mtu anayetembelea mji mdogo wa kale juu ya kilima, mji uliojaa mafundi. Mara nyingi ni Italia. Mwandishi anawasili asubuhi, njia ni za mawe na nyembamba, kengele ya kanisa inalia. Anaingia kwenye karakana na kumkuta mzee mwenye mikono iliyopasuka. Mzee anasema mwanawe amehamia mjini na hataki kazi hii. Mwandishi ananunua bakuli, anashuka kilima jioni, na sisi wasomaji tunabaki na huzuni tamu isiyotudai kitu.

Sisemi kwamba miji hiyo haina cha kusimuliwa. Chukua Gubbio, katika jimbo la Umbria. Mwanzoni mwa karne ya 16 palikuwa na fundi aliyeitwa Maestro Giorgio, aliyejua kuvipa vyombo vya udongo mng'aro wa dhahabu na wekundu wa akiki. Wafinyanzi wa miji mingine walipeleka kwake vyombo walivyokwisha kuvichora ili yeye avimalizie kwa moto wake. Baadaye siri ya mng'aro ule ikapotea, na karne ya 19 watu wakaanza kuitafuta upya. Hapo pana hadithi kubwa, ya ujuzi unaofia mkononi mwa mtu na wajukuu wanaoukisia kwa kuunguza vyungu. Lakini insha nilizozisoma zilipita juu yake mbio ili zifike kwa yule mzee wa karakanani. Na mzee mwenyewe hapewi nafasi ya kutaja bei, wala hagombani na mtu. Hakuna mwenye urithi wa kugawa. Yupo ili mgeni ahisi kwamba wakati unapita.

Nina kinyongo cha binafsi na aina hii ya uandishi, afadhali nikiseme mapema. Miaka kadhaa iliyopita, kwenye warsha moja ya uandishi, mkufunzi alitupa insha ya namna hiyo na kutuambia kila mmoja aandike ya mji wake. Mji wangu ni Bariadi. Nilikaa siku tatu. Bariadi ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu tangu 2012, mkoa ulipokatwa kutoka Shinyanga. Ina bati jipya, stendi, vibanda vya kutuma pesa, na malori ya pamba msimu wa mauzo. Nilitafuta ukuta wenye umri kuliko baba yangu nikakosa. Nikaandika kurasa nne za aibu, nikiuelezea mji kwa vitu usivyokuwa navyo. Mkufunzi alisifu lugha.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba swali lenyewe ndilo lililokuwa na kasoro. Miji ya mawe ya zamani tunayo, iko pwani, Kilwa Kisiwani na kwingineko. Bara huku Usukumani mali ilikuwa na miguu minne. Ukiwa na ng'ombe, unawafuata kwenye nyasi na maji, na nyumba unayoijenga ni ya miti, udongo na majani, nyumba ya kukutosha wewe. Hata ikulu ya mtemi haikuwa jengo la vizazi. Mtemi mpya mara nyingi alijenga yake mahali pengine. Kwa hiyo ufundi haukukusanyika nyuma ya ukuta mmoja ambapo mgeni angeukuta baada ya miaka mia sita. Ulitawanyika kaya kwa kaya. Anayejua ngoma yuko kijiji hiki, mfinyanzi yuko ng'ambo ya mto, na mwenye mkono mzuri wa kushona vibuyu ni bibi wa mtu fulani. Kumtembelea ilikuwa lazima uwe na kitu kilichovunjika.

Basi nilipanda basi la asubuhi. Ilikuwa Machi, pamba iko kiunoni na maua yake ya njano yaliyoanza kugeuka waridi. Barabara inatoka Bariadi hadi Lamadi, kisha unakata kushoto, ziwa linakuwa upande wa kulia na linajificha na kujitokeza. Magu ikapita, Mto Simiyu ukapita, ule uliotupa jina la mkoa kisha ukaenda kumwaga maji yake nje ya mkoa. Kisesa nikashuka, bodaboda ikanipandisha.

Nilipofika nilicheka peke yangu. Kilima kipo. Mawe makubwa yamepandiana kama yalivyo mawe ya kwetu, kana kwamba mtu aliyapanga akaitwa kula. Kanisa la duara lipo, kuna nyumba ya msonge na nyumba ya mhunzi. Huu hapa mji wangu mdogo wa mafundi juu ya kilima, ule niliokosa kumwandikia mkufunzi, isipokuwa una umri wa mtu mzima tu. Uliasisiwa miaka ya 1950 na padri wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, David Clement, Mkanada, aliyeshirikiana na wazee wa Kisukuma kukusanya vitu, nyimbo na maarifa.

Nilijaribu kupasoma Bujora kama ninavyosoma mkusanyo wa hadithi. Clement na wazee wale ndio wahariri. Kila himaya ya Usukuma imeleta andiko lake, na mhariri amelazimika kupanga kipi kitangulie, kipi kikae karibu na kipi. Kwa kipimo hicho, sehemu ya watemi ndiyo iliyohaririwa vizuri kuliko zote. Jengo lenyewe lina umbo la kiti cha enzi, isumbi, na ndani yake kuna ngoma na vitu vya utawala kutoka himaya mbalimbali. Mwanzoni umbo lile lilinikera. Jengo lenye sura ya kiti ni aina ya mzaha ambao kwenye hadithi ningeufuta. Lakini nilipokaa humo nikabadili mawazo. Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963. Ngoma ya utawala ambao haupo haina tena wa kumwita wala wa kumtangaza. Kazi yake imekwisha. Kuipa paa, na kulipa paa hilo sura ya kiti ambacho hakuna atakayekikalia, ni uamuzi wa mhariri anayejua anahifadhi nini. Pale niliona kwamba makumbusho yanaweza kuwa mahali pa haki kwa kitu, kama vile uzee unaopewa kivuli.

Sehemu ya ngoma za kucheza ni jambo jingine kabisa. Inahusu vyama viwili vikuu vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo asili yake inarudi kwa waganga wawili wa zamani, Ngika na Gumha, waliobishana nani ana dawa yenye nguvu. Ushindani wao una kanuni ambayo naamini kila mhakiki angepaswa kuifikiria walau mara moja kwa mwaka. Pande mbili zinacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, zikitenganishwa na nafasi ndogo. Watazamaji wako huru kuhama. Atakayevuta umati mkubwa ndiye mshindi. Basi. Ndiyo maana kuna nyoka, kuna fisi, kuna majembe yanayorushwa hewani kwenye bugobogobo, na kuna dawa za mvuto. Umechoka na chatu wa Bagalu? Unageuka, unatembea hatua ishirini, na kutembea kwako ndiko kura.

Gubbio nako wana mashindano. Kila tarehe 15 Mei wanaume wanabeba minara mitatu mizito ya mbao, kila mmoja una sanamu ya mtakatifu juu yake, wanakimbia nayo mjini kisha kupanda mlima hadi kanisa la Mtakatifu Ubaldo. Kinachonifurahisha ni kwamba mshindi anajulikana kabla. Ubaldo anatangulia kila mwaka, wawili wanamfuata kwa mpangilio uleule, na mji mzima unalia kwa furaha kama vile kungekuwa na shaka. Ni sherehe nzuri ya watu waliokubaliana. Sisi hatujakubaliana. Kila Juni, kwenye Bulabo, sherehe inayokwenda na sikukuu ya Ekaristi, ngoma zinashindana tena Bujora, na hakuna andiko ukutani linaloweza kusema nani atavuta umati mwaka huu. Kwa hiyo maelezo yaliyo kwenye jengo lile yanasomeka kama utangulizi wa kitabu ambacho bado kinaandikwa nje, uwanjani. Hiyo ni sifa. Nilitoka mle nikiwa tayari kumpigia mjomba simu nimwambie panafaa.

Nyumba ya mhunzi ilinisimamisha. Inasimulia habari za Walongo, wale waliojua kuyeyusha chuma, na za wakati jembe la chuma lilikuwa mali ya kubadilishana na hata ya mahari. Majembe ya viwandani yalipoingia kwa wingi, tanuru zikapoa. Yote kweli. Lakini asubuhi ileile, kabla sijapanda basi, nilikuwa nimepita kwa jirani yetu nyuma ya soko la Bariadi anayepasha springi ya Fuso iliyokatika hadi iwe nyekundu, anaigonga, na jioni ni jembe la kukokotwa na ng'ombe au panga. Hayeyushi mawe, ila uhunzi ni ule. Anapulizia moto, anasikiliza sauti ya nyundo, anajua kwa rangi ni lini chuma kimekubali. Kwenye kilima mhunzi ni wakati uliopita. Mtaani ana deni la mkaa na wateja watatu wanaomsubiri. Sikumlaumu mtu, nyumba ile ilipangiwa kueleza tanuru, na inaeleza. Lakini nilianza kuona mpaka wa kazi ya mahali pale, na kibuyu changu nikahisi kiko ng'ambo ya mpaka huo.

Kisha nikafika kwenye vyombo vya nyumbani. Vibuyu vilikuwapo, vizuri, vizima, vimeng'aa. Niliinama kutafuta mshono. Sikuuona.

Nataka kuwa mwangalifu hapa, maana ndipo penye hoja yangu yote. Mtu akikusanya vyombo ili kuwaonyesha wageni na watoto wa shule kibuyu cha maziwa ni nini, atachagua kilicho kizima. Kibuyu hicho kinasimama badala ya vibuyu vyote. Ni kama mfano wa sentensi kwenye kitabu cha sarufi: sahihi, hakina mwenyewe, hakuna aliyewahi kukitamka kwa hasira. Cha bibi kwa kipimo hicho kimeharibika. Kina mpasuko kutoka shingoni hadi tumboni na mwingine mfupi pembeni, na mishono yake haifanani. Mingine ni ya kano za ng'ombe, imekuwa myeusi na migumu kama kucha. Miwili ni ya uzi wa nailoni uliochomolewa kwenye salfeti, bado ina ubuluu. Kukiweka pale, ama kingekaa kama mfano mbaya wa kibuyu, ama kingeandikiwa kikaratasi kinachosema kwamba Wasukuma walitengeneza vibuyu vilivyopasuka. Vyote viwili ni uongo wa aina fulani, na hakuna wa kulaumiwa.

Nilikaa juu ya jiwe nikamfikiria Aniceti Kitereza. Alikuwa mtu wa Ukerewe, ng'ambo tu ya maji niliyoyaona kwenye dirisha la basi, na mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Toleo la Kiswahili, alilolifasiri mwenyewe, lilitoka Tanzania Publishing House mwaka 1980. Yeye akafariki mwaka uliofuata. Watu huilalamikia riwaya ile kwamba ni ndefu, kwamba inasimama kila mara kueleza jinsi kitu kinavyofanywa. Niliwahi kusema hivyo mimi pia, darasani, kwa sauti. Leo nasema nilisoma vibaya. Kumbuka kilichotokea: wakwe wamemchukua binti yao kwa sababu hajazaa, na ili Myombekere amrudishe mke wake lazima apeleke mitungi ya pombe ya ndizi. Maelezo ya kutengeneza pombe ile, ndizi kuivishwa, kukamuliwa, kungoja, majirani kuja kusaidia, yanasomeka kwa pumzi iliyoshikwa kwa sababu ndoa inategemea mitungi hiyo. Pombe ikiharibika, mke hatarudi. Kitereza alijua kwamba huwezi kuueleza ufundi peke yake. Lazima uonyeshe nani anaudai, kwa lini, na nini kitatokea ukikosekana.

Hans Cory, yule Mwaustria aliyekuwa mtaalamu wa mila wa serikali ya kikoloni, alifanya kazi ya namna nyingine. Mwaka 1953 kilitoka kitabu chake cha michoro ya ukutani ya chama cha wacheza nyoka. Michoro ile ilikuwa ya wanachama, ndani ya nyumba zao, na kuta za udongo hazidumu. Bila yeye leo tungekuwa na habari kidogo zaidi. Namshukuru, kwa kinywa kizito kidogo. Lakini ukifungua kitabu cha namna hiyo unaona mchoro, huoni mtu aliyesimama mbele yake akiwa na hofu ya kuingizwa chamani. Kitereza angeanza na hofu.

Nilirudi Bariadi usiku. Kesho yake nikamwomba mama anisomee kibuyu.

Alikipakata kama mtoto, akaanza shingoni. Mshono wa kwanza, alisema, ni wa 1974, Operesheni Vijiji. Walihamishwa, vyombo vikapakiwa lori moja na mbuzi, na walipofika mahali walipoambiwa pajengwe, kibuyu kilikuwa na ufa. Bibi alikishona kabla hajawa na nyumba, chini ya mti, kwa sababu ng'ombe wamekamuliwa na maziwa hayajui operesheni. Mitatu inayofuata ni ya siku moja: mjomba, akiwa na miaka kumi na mbili, alikirusha kwa mdogo wake. (Mjomba hakukumbuka hili alipoulizwa. Baadaye alikumbuka.) Mmoja ni wa wiki aliyozaliwa dada yangu. Ile ya nailoni ni ya miaka ya karibuni, bibi macho yalipopungua. Alimwita mjukuu atunge uzi, kisha akashona kwa kupapasa. Mama aliifahamu mishono saba. Minne ikabaki. Alipitisha kidole juu yake, akarudia, akasema polepole, "Hii sikuwepo."

Nimesoma uhakiki mwingi wa kazi za sanaa na sijakutana na sentensi sahihi kama hiyo.

Hapo ndipo mama alipomimina maji ndani yake, na tukaona tone linajikusanya chini ya mshono wa mwisho, kwenye ufa mpya mfupi kama ukucha. Yawezekana ulitokea siku za msiba, vitu vilipokuwa vinahamishwa huku na huku. "Unajua kushona?" nikamwuliza. Akanitazama. "Nilikuwa nakamua," akasema. "Mama ndiye aliyekuwa anashona. Ulidhani kuna siku nilikaa kujifunza?"

Niliingia mtaani kutafuta wa kushona kibuyu Bariadi. Niliuliza sokoni, kwa mama mmoja anayeuza vibuyu vipya vya mapambo vilivyopakwa rangi. Akasema vyake havitiwi kitu. Niliuliza kwa mzee anayechonga mipini. Njiani nilipita mbele ya bango la zamani la "Wilaya Moja, Bidhaa Moja, Kiwanda Kimoja", kaulimbiu ya mkoa wetu iliyotuletea chaki za Maswa na maziwa ya Meatu yaliyofungwa vizuri. Naipenda kaulimbiu ile kuliko ninavyokiri mbele ya marafiki zangu waandishi. Japani, kule Oita, gavana Hiramatsu alianzisha mwaka 1979 wazo la kila kijiji kuwa na bidhaa yake, na si jambo dogo mtu kujivunia kitu kinachotoka kwao. Ila nilisimama pale na kibuyu kwapani nikifikiri: maziwa tumeyapatia pakiti, na chombo kilichoyabeba miaka yote hiyo hakina hata fundi.

Aliyenisaidia ni fundi viatu karibu na stendi, kijana anayeshona makatambuga na mabegi ya shule. Alikigeuza kibuyu mara mbili. "Hiki si kiatu," akasema. Nikakubali. Akafikiri. Akaniambia nisithubutu kukitoboa kwa nguvu, kitaendelea kupasuka. Sindano ya magunia ipashwe moto hadi ing'ae, ipenye yenyewe, tundu mbali na ufa kidogo, kisha uzi ulowekwe kabla ya kupitishwa. Aliyajuaje? Alisema plastiki za ndoo huziba hivyohivyo. Alitaka shilingi elfu mbili kwa kukishona, au bure kwa maelezo. Nilimpa elfu moja kwa maelezo, tukaagana.

Jioni ukoo ulikaa tena. Nilisimama kutoa uhakiki wangu, na kwa mara ya kwanza maishani nilifanya hivyo bila karatasi. Nikasema Bujora ni mahali pa heshima. Nikasema ngoma za watemi zimepata kwao pale, na kwamba kama tungekuwa na kitu ambacho kazi yake imekwisha, ningekibeba mimi mwenyewe. Nikaeleza habari ya vibuyu vizima. Nikaeleza mishono, na hapo ndipo mjomba alipokumbuka ile mitatu, akacheka hadi akafuta macho kwa shati, na pakawa kimya kidogo.

"Kwa hiyo unasema hiki kazi yake haijaisha," akasema.

"Ndiyo, mjomba."

"Kinavuja."

"Kinavuja."

"Na mama yako anatia maziwa kwenye dumu. Sote tunatia kwenye dumu. Usituletee maneno ya vitabuni."

Alikuwa na haki. Hilo lilikuwa shimo katika hoja yangu, na nilikuwa nimeliona tangu kwenye basi. Kitereza alikuwa na wakwe wanaodai pombe. Mimi sikuwa na yeyote anayedai kibuyu. Sikuwa na jibu. Aliyejibu ni mama, na hakujibu kwa hoja. Alinyanyuka, akaenda jikoni, akarudi na sindano ya magunia na kipande cha kano alichokuwa ameloweka tangu mchana bila kumwambia mtu. Akamwambia mjomba ashike tochi.

Tulishona mshono mmoja kwa karibu saa nzima. Sindano ilipoa mara sita. Tundu la pili tulilitoboa karibu mno na ufa, sote tukasikia mlio mdogo, mjomba akasema neno la Kisukuma ambalo sitaliandika hapa. Mshono wetu ni mnene, umekaa upande, na mtu yeyote anayekishika kile kibuyu anaujua mara moja kuwa si wa bibi.

Asubuhi mama alitia maziwa, akakitundika mahali pake, na kuweka sahani chini yake. Kufika saa nne sahani ilikuwa na maziwa kiasi cha kijiko cha chai. Mjomba alikuja akaitazama akiwa amesimama, mikono nyuma.

"Tunakipa hadi Bulabo," akasema. "Kikiwa bado kinavuja, nakipeleka."

Mama akamwaga maziwa ya sahani kwa paka, akairudisha palepale.